Wiki ya Kwanza ya Mubalighi Kijana

Baada ya Ramadhani iliyopita aliletwa kwetu hapa Songea kijana wa miaka 20, mzaliwa wa pwani ya Kilwa, aliyehifadhi Kurani Tukufu yote, apate kufunzwa kazi ya kuwalingania watu dini katika vijiji vya Ungoni. Barua aliyokuja nayo ilimsifu sana, na kwa hakika sifa zile hazikuwa za uongo: sauti yake ni nzuri, tajwidi yake haina kasoro, na Kiswahili chake ni kile cha kwao pwani. Alidhani, na wazee waliomleta walidhani vilevile, kwamba lililobaki ni kumwonyesha njia za vijijini tu.

Sisi tulimwambia kwamba wiki ya kwanza hatahubiri. Asubuhi atasoma nasi madrasani, na baada ya adhuhuri atakwenda kuketi na wazee, akisikiliza Kingoni na kuandika katika daftari kila neno jipya. Aliitikia kwa adabu, lakini usoni mwake tuliona dhahiri kwamba hakuridhika.

Somo la kwanza lilikuwa juu ya Muadh bin Jabal (r.a.), wakati Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) alipompeleka Yemen. Kijana aliisoma hadithi ile kwa moyo, kwa Kiarabu, pasipo kukosea hata herufi: kwamba aanze na shahada, wakikubali awafahamishe sala tano, kisha zaka, na ajihadhari na kuchukua mali yao iliyo bora, na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Tukamwuliza, “Mwanangu, kabla ya shahada Mtume alimwambia nini?” Akafikiri kitambo, kisha akajibu, “Alimwambia kwamba anakwenda kwa watu waliopewa Kitabu.” Basi habari za watu wale zilitangulia, ndipo yakafuata mafundisho. Kijana akasema, “Kweli, Maalimu,” lakini twadhani siku ile neno lile halikuingia.

Siku ya pili tulisoma habari za Zaid bin Thabit (r.a.), aliyeamrishwa na Mtume (s.a.w.), naye angali kijana mdogo, ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwa ajili ya barua zilizokuwa zikiandikwa na kupokewa. Imepokewa kwamba hakupitisha nusu ya mwezi ila alikwisha kuyajua. Kijana wetu akacheka, akasema kwamba yeye basi, kwa wiki moja, amepewa nusu ya muda wa Zaid.

Jumatano ikaja habari ya msiba katika kijiji kimoja upande wa Lilambo. Mtoto mdogo wa nyumba ya Kiislamu amefariki. Tukaenda pamoja naye, na katika kuosha, kukafini na kusalisha alitusaidia vizuri mno, hata watu wakamshukuru. Baada ya mazishi bibi yake marehemu alikuwa ameketi mkekani akilia polepole na kusema kwa Kingoni, na katika maneno yake mlikuwa na jina Chapanga, ambalo kwa Kingoni ndilo jina la Mwenyezi Mungu. Kijana hakufahamu neno lolote ila hilo moja, nalo alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba ndilo lisomwalo makanisani. Akasimama mbele ya waombolezaji wote, akasema, “Bibi, hilo si jina la Mungu wetu. Ukimwita hivyo unakufuru.”

Mzee yule alinyamaza. Akajifunika kichwa, akaondoka mkekani akaingia ndani. Mwanawe, ambaye ndiye baba wa maiti, alitusogelea akasema kwa sauti ya chini, “Maalimu, mama yangu alisilimu mimi sijazaliwa.”

Ndugu wasomaji, hatukuwa na jibu. Tulirudi mjini kimya, na tulihofu kwamba kwa neno moja nyumba ile itajitenga nasi.

Usiku ule tulimwuliza kijana: neno Mungu analolitamka kila siku limetoka Makka? Halikutoka Makka. Ni neno la Kibantu, ndugu yake yule Mlungu wa Wayao wa Tunduru, na wazee wetu wa pwani walilishika, wakaongeza Mwenyezi, wakaabudu kwalo, wala hapana mwanachuoni aliyewakufurisha. Neno la watu wa pwani limekuwaje halali, na la bibi wa Ungoni liwe kufuru? Na Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Sura Ibrahim, aya ya 4, kwamba hakumpeleka mtume yeyote ila kwa lugha ya watu wake, apate kuwabainishia.

Wengine walilifahamu jambo hili mapema. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka ule ule akaanza kukitia Kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili, na aliyemsaidia ni kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Hapa kwetu Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na Padri Cassian Spiss, aliyekuja kuuawa mwaka 1905 wakati wa Vita vya Maji Maji, mwaka 1904 alikwisha kuchapisha maandishi juu ya lugha za Kingoni na Kisutu. Miaka sita tu! Hata Wangoni wenyewe, waliotoka kusini ya Afrika wakishinda makabila njiani, sehemu kubwa ya lugha waliyokuja nayo imepotea, na Kingoni cha leo kimejaa maneno ya wale walioshindwa.

Na kwa Waislamu, Sayyid Saeed Akhtar Rizvi, ingawa madhehebu yake ya Shia si yetu, aliwasili kutoka India mwishoni mwa mwaka 1959, akapelekwa Lindi. Huko alijifunza Kiswahili kwanza, na mpango wake wa tabligh aliutoa mwaka 1962.

Lawama hatumwekei kijana peke yake. Sisi tuliofundisha madrasa katika mji huu kwa miaka mingi tunajua Kingoni cha sokoni tu, cha kununulia mahindi na maharagwe, wala hatujaandika hata ukurasa mmoja wa kumfundisha mgeni namna ya kumpa pole mfiwa. Tulimpeleka matangani asiyejua kutoa pole.

Alhamisi kijana aliomba mwenyewe kurudi kule kutaka radhi. Tukamwambia kwamba akienda na Kiswahili chake kizuri hatafika mbali. Basi mmoja wa wasichana wetu wa madrasa, mwenyeji wa kijiji cha jirani, akamfundisha maneno ya kuomba msamaha, naye akayarudia siku nzima, watoto wakicheka kila alipoteleza. Yeye aliyekuwa akiwasahihishia Kiarabu chao sasa alisahihishwa na mtoto wa miaka 10, wala hakukasirika. Jambo hilo lilitupendeza kuliko tajwidi yake.

Ijumaa baada ya sala tulikwenda naye. Mwana wa yule bibi alikuwa hakuonekana msikitini. Kijana alipiga hodi, akaketi chini, akayasema maneno yake. Bibi alimsikiliza, kisha akamsahihisha neno moja. Akalisema tena, akasahihishwa tena. Mara ya tatu lilipotoka sawasawa alimtazama muda mrefu, akasema kwa Kiswahili, “Mjukuu wangu, nimekusamehe. Jumatatu njoo tupukuchue mahindi, nikufundishe mengine.”

Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni. Alitusindikiza mpaka barabarani, na Ijumaa iliyofuata tulimwona msikitini, safu ya pili.

Kijana bado yuko kwetu. Hajahubiri mpaka sasa, na kila Jumatatu huenda Lilambo na daftari lake.