Nyigu wa Barazani: Kweli au Si Kweli?

Panda kiti ubadilishe balbu ya barazani, ukutane ana kwa ana na kiota cha nyigu, uone utakavyoshuka. Na kabla hujapumua, kila jirani ana ushauri wake. Mwingi ni wa kurithi tu, haujapimwa na mtu.

"Nyigu akikuuma, utafute mwiba uuchomoe." Si kweli. Anayeacha mwiba ni nyuki: mwiba wake una vimeno vinavyonasa kwenye ngozi, akiruka unabaki, naye hufa. Wa nyigu huingia na kutoka, ndiyo maana mmoja anaweza kukuchoma mara tatu na akaenda zake. Hakuna cha kuchomoa wala kukamua.

"Paka siki, kitunguu au dawa ya meno, sumu itaisha nguvu." Si kweli. Sumu iko chini ya ngozi, na unachopaka kinabaki juu. Osha kwa maji na sabuni, kisha weka kitambaa cha baridi, uvimbe utapungua. Macho yako yasiishie pale palipoumwa. Midomo au ulimi ukivimba, pumzi ikibana, au mtu akiona kizunguzungu, huo ni mzio mkali: hospitali, sasa hivi, barafu baadaye. Hata asiye na mzio akiumwa na kundi zima apelekwe, kwa kuwa sumu nyingi huweza kuharibu figo.

"Dawa ya kiota ni moto." Kiota kitaungua, kweli. Na makuti ya paa je? Kiota chenyewe ni karatasi: nyigu hukwangua mbao kuukuu, hutafuna, huchanganya na mate, akakining'iniza kwa kikonyo kimoja chembamba anachokipaka kitu cha kuwafukuza sisimizi. Karatasi hiyo kavu, imening'inia kwenye boriti kavu, halafu mtu analeta kijinga chenye mafuta ya taa! Huyo ni wa kuogopwa kuliko nyigu.

Ukitaka kukiondoa kiota, subiri giza liingie, wakati nyigu wote wamerudi na wametulia. Vaa nguo nzito za mikono mirefu, funika uso, weka taa kando badala ya kuishika, kwa sababu wataifuata. Wanyunyizie maji yenye sabuni nyingi. Sabuni huyafanya maji yapenye kwenye vitundu vyao vya kupumulia. Kiota kikiwa ndani ya dari au ukuta, ita fundi wa kuua wadudu, na usizibe tundu lao la nje. Watatafuta njia nyingine, na huenda ikawa ya chumbani.

"Nyigu hana faida." Waulize wala muhogo. Miaka ya 1970 kidung'ata, mdudu mweupe kutoka Amerika Kusini, alianza kuyamaliza mashamba ya muhogo Afrika. Aliyemtuliza ni nyigu mdogo sana kutoka Paraguay, anayetaga ndani ya mwili wa kidung'ata. Aliachiwa kwanza Nigeria mwaka 1981, akasambazwa bara zima. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Hawa wa kwetu wa barazani nao huwinda viwavi kuwalisha watoto wao, kwa hiyo kiota kilicho juu ya mwembe nyuma ya shamba hakina sababu ya kuguswa.

"Nyigu wa udongo ni mkali kuliko wote." Si kweli hata kidogo. Mwenye kiuno cha uzi, anayejenga vijumba vya matope ukutani, huishi peke yake na halindi nyumba. Vunja kijumba kimoja uone: ndani kuna buibui waliopoozwa, hai bado, na kiluwiluwi kimoja kinawala taratibu.

Ubaya wake ni kupenda matundu. Tarehe 6 Februari 1996 ndege ya shirika la Birgenair ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, wakafa watu wote 189. Kipimo cha mwendo kilikuwa kinadanganya. Mirija yake ya kupimia upepo haikupatikana kamwe, lakini wachunguzi waliona kilichoelekea zaidi kuziba mrija ni kiota cha nyigu wa udongo, maana ndege ilikaa chini bila mirija kufunikwa.

Nyumbani hasara yake ni tundu la kufuli la stoo, au bomba la kiyoyozi linaloanza kumwaga maji chumbani. Kipande cha wavu kwenye mdomo wa bomba kinatosha.