Sumaku yenye ncha moja: ipo au haipo?

Ukivunja sumaku ya spika ya redio mbovu, kila kipande hubaki na ncha mbili, kaskazini na kusini. Lakini mwaka 1931 Mwingereza Paul Dirac alionyesha kuwa huenda ipo chembe yenye ncha moja tu. Ikipatikana, itaeleza kwa nini chaji ya umeme huja kwa kipimo kilekile daima.

Chembe hiyo inatafutwa CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ambako protoni hugonganishwa kwa kasi kubwa katika njia ya duara ya kilomita 27 chini ya ardhi. Mradi wa MoEDAL umetega hapo vipande vya alumini vya kuinasa, na karatasi za plastiki ambazo ingeziachia alama ikipita. Mpaka sasa mitego ni mitupu, ila kila ukaguzi hupunguza mahali pa kutafuta.