Kununua droni: vikwazo na mitego kabla ya kupaa

Mpiga picha za harusi wa Mombasa, Mwanza au Kampala anajua kwamba siku hizi mteja haridhiki na picha za ukumbini peke yake. Anataka msafara wa magari uonekane kutoka juu, na mwenye droni ndiye anayepewa kazi.

Hapo ndipo akiba ya miezi kadhaa, au fedha za ndugu aliyeko Muscat au Leicester, zinapoanza kutafuta ndege ndogo isiyo na rubani. Hapo pia ndipo matapeli wanapomsubiri mnunuzi.

Lakini utapeli ni sehemu moja tu ya tatizo. Hata aliyenunua kifaa halisi, katika duka halali na kwa bei ya haki, anaweza kujikuta na ndege ambayo haikubali kupaa, au iliyozuiliwa forodhani kwa sababu mwenyewe hakuomba kibali kabla ya safari.

Kifaa kinachosubiri ruhusa

Soko la droni za raia linatawaliwa na kampuni moja ya China, DJI, iliyoanzishwa mwaka 2006 na yenye makao yake katika mji wa Shenzhen. Kwa hiyo yanayohusu droni za kampuni hiyo ndiyo yanayowahusu wanunuzi wengi, wa Afrika Mashariki wakiwemo.

Droni mpya ya aina hiyo haipai kama kawaida mara tu inapotolewa kwenye boksi. Kwanza betri zake husafirishwa zikiwa katika hali ya usingizi, na haziamki mpaka zichajiwe. Wapo waliodhani wameuziwa betri mbovu, kumbe ilikuwa ni suala la kuchomeka waya wa umeme.

Baada ya hapo kifaa hutakiwa kuamilishwa, yaani kuandikishwa kwa mtengenezaji kwa mara ya kwanza kupitia programu ya simu. Mwenye droni huunganisha kidhibiti na intaneti, hufungua akaunti kwa anwani ya barua pepe, kisha hukubali masharti. Tarehe ya siku hiyo hubaki katika kumbukumbu za kampuni.

Mwaka 2017 DJI ilieleza kwamba droni isiyokamilisha hatua hiyo ingebanwa isivuke umbali wa mita 50 na kimo cha mita 30, wala isingerusha picha za moja kwa moja kwenye simu ya mwendeshaji. Kwa mpiga picha, droni ya namna hiyo haina kazi.

Jambo ambalo kila mnunuzi anapaswa kulishika ni kwamba huduma hiyo haina malipo. Hakuna namba ya siri inayouzwa ili droni iamke, wala hakuna fundi aliyepewa na kampuni ruhusa ya kuuza namba kama hiyo kwa njia ya WhatsApp. Anayedai dola 30 au shilingi elfu kadhaa za "kuamilisha kwa ajili ya Afrika" anauza upepo.

Ugumu mwingine unatokana na simu yenyewe. Programu ya DJI Fly haipatikani katika duka la Google Play, na mwenye simu ya Android hulazimika kuipakua kutoka tovuti ya kampuni. Asiyelijua hilo huitafuta kwingineko, na anaweza kuangukia nakala iliyochezewa, inayoomba ruhusa ya kusoma ujumbe na orodha ya watu waliomo simuni. Katika eneo ambalo simu ndiyo benki ya mtu, hatari hiyo si ndogo.

Mipaka inayochorwa na setilaiti

Wauzaji wengi husema droni fulani ni "ya Marekani", "ya Ulaya" au "ya Dubai", na kwamba haitafanya kazi Dar es Salaam. Kuna chembe ya ukweli katika maneno hayo, lakini imefunikwa na chumvi nyingi.

Kinachotofautiana hasa ni nguvu ya mawimbi ya redio. Kanuni za Ulaya huruhusu nguvu ndogo kuliko zile za Marekani, na kwa sababu hiyo droni ileile hufika mbali zaidi ikiwa Texas kuliko ikiwa Ujerumani. Kwa kawaida kifaa hutambua chenyewe kilipo kwa msaada wa setilaiti, kisha hujipangia kiwango kinachoruhusiwa hapo.

Kampuni hiyo pia kwa miaka mingi ilizifunga droni zake zisipae karibu na viwanja vya ndege na maeneo mengine nyeti. Utaratibu huo uliondolewa katika nchi za Ulaya mwaka 2024 na Marekani Januari 2025, ukaachwa kuwa onyo tu kwenye kioo cha simu. Tangu hapo mzigo wa kujua sheria umemwangukia mrushaji.

Kwa wale wanaoagiza kutoka Marekani, hali imekuwa ngumu zaidi. Droni ya Mavic 4 Pro ilipotangazwa Mei 2025, DJI haikuiuza rasmi katika nchi hiyo. Desemba mwaka huohuo, Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, iliziingiza droni zinazotengenezwa nje katika orodha ya vifaa vinavyohesabiwa kuwa tishio kwa usalama wa taifa, hatua inayozuia aina mpya kupata idhini. Zilizokwisha kuidhinishwa kabla hazikupigwa marufuku kutumika.

Matokeo yake yanajulikana katika biashara yoyote. Bidhaa inapoadimika, maduka ya mtandaoni yasiyo na anwani huchipuka kama uyoga, yakitangaza aina ambayo duka la kweli halinayo, tena kwa nusu ya bei.

Namna mtu anavyotapeliwa

Ulaghai ulioenea zaidi si wa kuiba fedha moja kwa moja. Tangazo huonyesha droni ya dola 99 inayodaiwa kupiga picha za kiwango cha 4K, likiambatana na video nzuri ya milima na bahari. Video hiyo huwa imepigwa kwa kifaa cha bei mara kumi. Kinachofika kwa mnunuzi ni mwanasesere wa plastiki unaosukumwa na upepo, wenye kamera hafifu ambayo picha zake huvutwa kwa programu ili zionekane kubwa.

Kwa kuwa kitu fulani kimefika, malalamiko huwa magumu. Muuzaji humtaka mteja airudishe bidhaa China kwa gharama zake, na nauli ya kifurushi huzidi thamani ya kilichomo.

Wapo pia wanaotumia jina la forodha. Mnunuzi hulipa sehemu ya bei, kisha hupokea ujumbe kwamba mzigo umekwama uwanja wa ndege na unahitaji ada ya kuutoa, na baadaye ada nyingine ya bima. Hila hiyo hufanikiwa kwa sababu inafanana na ukweli, kwani droni kweli huzuiliwa na maofisa wa forodha. Tofauti ni kwamba kodi halisi hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali na huwa na stakabadhi, wala haitumwi kwa simu ya mtu binafsi.

Droni zilizotumika zina mtego wake. Baadhi ya aina hufungamanishwa na akaunti ya mwenye nazo, na bila yeye kuiondoa katika orodha yake, mmiliki mpya hubaki mgeni kwenye mali aliyoinunua. Ikiwa ni ya wizi, mwenye akaunti hatapatikana kamwe. Ndiyo sababu malipo yanafaa kufanywa wakati wawili hao wameketi pamoja, droni imewashwa, na muuzaji amekwisha kuiondoa kwenye akaunti yake mbele ya mnunuzi.

Njia hiyohiyo hufichua droni inayouzwa kama mpya. Kifaa ambacho hakijaguswa huomba kuamilishwa mara ya kwanza kinapounganishwa na simu. Kisipoomba, kuna mtu aliyekwisha kukitumia, hata kama boksi lina utepe usiokatwa.

Sheria za nyumbani

Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2017 zilibatilishwa na bunge mwaka uliofuata, na matumizi ya droni yakabaki gizani hadi kanuni mpya zilipochapishwa mwaka 2020. Chini ya kanuni hizo, anayetaka kuingiza droni anahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, kabla kifaa hakijafika. Mmiliki awe na umri wa miaka 18 au zaidi, na kimo kisizidi futi 400 kutoka ardhini.

Tanzania inataka zaidi ya hapo. Mbali na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, mwombaji hupitia pia Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Anayekusudia kupiga picha za wanyama katika hifadhi huhitaji ruhusa ya wasimamizi wa hifadhi juu ya hayo yote. Uganda nayo huhusisha vyombo vya ulinzi.

Hapa pana kosa linalowagharimu wengi, hasa wanaokuja likizo kutoka Ulaya. Droni ndogo zilitengenezwa makusudi ziwe na uzito wa gramu 249, kwa sababu nchi kadhaa zililegeza masharti kwa zilizo chini ya gramu 250. Nchini Marekani, kwa mfano, anayezirusha kwa kujifurahisha hahitaji kuzisajili. Lakini gramu hizo hazimwondolei mtu wajibu wa kuomba kibali Kenya wala Tanzania. Hata Uingereza, kuanzia Januari 1 mwaka 2026, mstari umeshushwa hadi gramu 100.

Serikali hazina ugomvi na teknolojia yenyewe. Zanzibar ilianza kupigwa ramani kwa droni mwaka 2016, wanafunzi wa chuo kikuu cha huko wakishiriki. Rwanda mwaka huohuo ilianza kupeleka damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani za kampuni ya Zipline. Hofu ni juu ya kifaa chenye jicho kinachopita juu ya kambi ya jeshi au ikulu bila kujulikana ni cha nani. Mashariki mwa Congo, ambako droni za kivita zimetumika, anayeonekana na hata ile ya harusi anaweza kushukiwa kwa jambo zito zaidi.

Dubai na njia ya kurudi

Wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki hununua vifaa vya elektroniki Dubai. Umoja wa Falme za Kiarabu ulipiga marufuku droni za kujifurahisha Januari 2022, siku chache baada ya shambulio la Wahouthi dhidi ya Abu Dhabi. Kwa watu binafsi marufuku hiyo ilianza kulegezwa Januari 2025, kwa sharti la kusajiliwa. Kuiona bidhaa dirishani mwa duka la Deira hakumaanishi kwamba mgeni anaruhusiwa kuijaribu ufukweni.

Njia ya kurudi pia ina uzito. Misri ina sheria ya mwaka 2017 inayodai idhini ya Wizara ya Ulinzi kwa kuingiza au kumiliki droni, kwa hiyo msafiri anayekusudia kutoka nje ya uwanja wa ndege wa Cairo akiwa njiani kuelekea nyumbani anajitia mashakani bila sababu.

Aliyeko ughaibuni na anayetaka kurusha hukohuko naye ana matapeli wake. Usajili wa droni Marekani hugharimu dola 5 kwa miaka mitatu, lakini zipo tovuti zenye sura ya kiserikali zinazotoza mara nyingi ya kiasi hicho kwa kazi ambayo mtu angeifanya mwenyewe kwa dakika chache katika tovuti ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, FAA.

Anayebeba droni kwa ndege na azingatie betri. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mizigo inayowekwa tumboni mwa ndege. Hubebwa mkononi, ncha zake zikiwa zimezibwa. Zile zisizozidi wati-saa 100 hazihitaji idhini ya pekee ya shirika la ndege, na za droni ndogo huwa chini ya kiwango hicho kwa mbali. Kibali cha kuingiza kifaa nacho kikae kwenye mkoba huohuo, kikiwa kimechapishwa kwenye karatasi na namba ya utambulisho iliyoandikwa humo ikilingana na ile iliyo kwenye droni, kwa kuwa ofisa wa forodha hulinganisha tarakimu moja baada ya nyingine.