Redio ya zamani: ni nani aliyekuwa akisema?

Leo tunaongea juu ya redio yenyewe.

Ninyi wenye umri mnakumbuka wakati wa Voix du Zaïre. Sauti ilitoka Kinshasa, na ilikuwa sauti ya serikali na ya chama, MPR. Televisheni ilianza Kinshasa mwaka wa 1966, na baadaye, kabla ya habari, uso wa Mobutu ulionekana katikati ya mawingu kama mtu anayeshuka mbinguni! Kwetu nyumba nyingi hazikuwa na televisheni, na Butembo ilikaa miaka mingi bila umeme wa serikali. Lakini poste ya betri ilikuwako. Aliyetaka kusikia neno lingine alitafuta BBC ya London, inayosema Kiswahili tangu 1957. Mawimbi mafupi yanapanda angani na kurudi chini mbali sana, kwa hiyo milima yetu haiyazuii.

Wazee wengine husema: redio ilikuwa moja, na amani ilikuwako. Mimi sikubali. Kwa miaka mingi tulizoezwa kupokea kila neno la redio kama amri, bila kuuliza. Mobutu alipotangaza vyama vingi, tarehe 24 Aprili 1990, sauti zikaanza kuwa nyingi, lakini masikio yetu yalikuwa bado ya zamani.

Angalia yaliyotokea kwa majirani. Huko Rwanda redio RTLM ilianza mwaka wa 1993 kwa muziki na vichekesho. Vijana waliipenda. Mwaka wa 1994 redio hiyo hiyo ilitaja watu kwa majina ili wauawe. Mwaka wa 2003 mahakama ya Arusha iliwahukumu waanzilishi wake wawili. Tusiseme hayo ni ya Rwanda tu: mwezi wa Agosti 1998 redio ya Bunia, karibu yetu kabisa, iliwaambia wasikilizaji wachukue mapanga na mikuki.

Na chombo hicho hicho kiliponya. Tangu Agosti 1994 Radio Agatashya ilisema kutoka Bukavu, ikiwapa wakimbizi habari zisizopendelea upande, mpaka vita vilipoinyamazisha mwezi wa Oktoba 1996. BBC nayo ilianzisha mwaka wa 1994 kipindi cha Gahuzamiryango, ambamo majina ya watu waliopotezana yalisomwa, na jamaa wakapatana. Kisha, Februari 2002, Radio Okapi ikaanza. Redio za FM za hapa kwetu zinafika karibu tu, kwa kuwa mawimbi yake yanaenda moja kwa moja na mlima unayakata. Lakini faida yake ni kwamba anayesema unamjua, na unaweza kwenda kumwuliza.

Wewe uliyekimbia, kama umepotezana na mtoto, peleka redioni jina lake, majina ya wazazi na kijiji mlichotoka. Mahali mnapolala pasitangazwe. Anayekutafuta aelekezwe kwa Msalaba Mwekundu au kwa shefu, maana adui naye ana poste.

Na wewe shefu, ukisikia kwamba watu wa kabila fulani wanakuja kuua, usipige kengele papo hapo. Uliza: aliyesema aliona mwenyewe? Ametaja mahali na saa? Tuma mtu kwa shefu wa upande ule, au sikiliza redio ya pili. Wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, uvumi kwamba ugonjwa ni biashara uliwafanya wengine wafiche wagonjwa nyumbani, na nyumba nzima zikaambukizwa. Mashefu waliokwenda wenyewe kuona kituo cha matibabu, kisha wakaeleza redioni waliyoyaona, walisikilizwa kuliko mganga mgeni.

Mwenye swali alilete kwa maandishi, au aje kulisema hapa mwenyewe.