Mbao za Kutelezea Thelujini

Katika nchi ya Norwei, wakati wa baridi, theluji hufunika njia na mashamba. Mtu akitembea kwa miguu mitupu bila chombo, huzama. Je, wenyeji husafirije?

Hufunga miguuni mbao mbili ndefu, nyembamba, zilizopinda kwa mbele. Huitwa skii. Uzito wa mtu hutandaa juu ya ubao wote, kwa hiyo hazami.

Zamani watu walifunga vidole tu. Wakiteremka mlima kwa kasi, mbao ziliwatoka. Mkulima maskini, Sondre Norheim, alifunga na visigino pia, kwa vijiti laini vilivyosokotwa. Sasa aliweza kuruka na kukata kona bila kuanguka. Mwaka 1868 alishinda mashindano katika mji ambao leo huitwa Oslo.

Hivyo chombo cha safari kikawa mchezo pia. Mteremko uliotisha watu sasa huwafurahisha.