Likizo ya Kwanza Lushoto: Panga kwa Mwinuko, Si kwa Kilomita

Familia nyingi za mjini husafiri kwa sababu ya msiba, harusi au sikukuu ya kijijini. Safari ya kwenda mahali ambako hakuna shangazi anayewasubiri, kwa ajili ya kupumzika tu na watoto, bado ni jambo geni kwa wengi wetu. Ndiyo maana hupangwa kwa mazoea ya barabara kuu: kilomita kadhaa, saa kadhaa, tumefika. Ukienda ufukweni hesabu hiyo inatosha. Ukienda Lushoto, kwenye mabonde ya Usambara Magharibi, itakuangusha. Kule kinachoamua baridi, usingizi wa watoto na muda wa kutembea ni mwinuko.

Anza na joto. Kwa wastani, kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi kama 6 za Selsiasi. Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtoto aliyetoka Dar es Salaam anakutana na hali ya hewa yenye pungufu ya nyuzi 8 au 9 siku hiyohiyo. Miezi ya Juni na Julai, ambayo ndiyo ya likizo ya shule, ndiyo pia wakati wa kipupwe, na usiku watu wa kule huvaa makoti mazito. Sweta moja la shule halitoshi. Kila mtoto awe na nguo za kuvaa moja juu ya nyingine, soksi za kulalia na kofia inayofunika masikio. Mchana, hata kukiwa na ubaridi, jua la mlimani huchoma ngozi kuliko la pwani kwa sababu hewa ya kulichuja ni kidogo, kwa hiyo chukua na kofia ya ukingo mpana.

Desemba ni likizo pia, na baridi yake ni nafuu. Ila mvua za vuli huweza kuwa hazijaisha, na barabara ya Kaskazini hujaa watu wanaorudi kwao kwa Krismasi na mwaka mpya. Anayetaka Desemba akate tiketi mapema na asafiri kabla ya wiki ya sikukuu. Machi hadi Mei ni masika. Kwa safari ya kwanza mngoje ipite, kwa kuwa njia za udongo za vijijini huteleza na vilele hushinda ndani ya mawingu.

Sasa barabara. Kutoka Dar es Salaam unapita Segera na Korogwe hadi Mombo, kisha unaiacha barabara ya Arusha na kuanza kupanda. Mombo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33 tu, lakini ndani yake unapanda karibu mita 1,000 kwa kona baada ya kona, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Njia hii ilichongwa wakati wa Wajerumani na ni nyembamba. Ipande mchana. Ondoka Dar alfajiri ili hata basi likichelewa, kona za mlima huo zisikukute gizani.

Kwenye kona hizo ndipo watoto hutapika, na sababu yake si chakula kibaya. Sikio la ndani linauambia ubongo kwamba mwili unayumba, huku macho yaliyozama kwenye simu au kiti cha mbele yanauambia kwamba umetulia. Taarifa mbili zinapopingana, tumbo ndilo linalolipa. Watoto wa kati ya miaka 2 na 12 ndio wanaosumbuka zaidi. Dawa yake kubwa ni mtoto akae dirishani, simu ifungwe, na macho yatazame mbali, kwenye ukingo wa mlima wa upande wa pili. Mombo ale kidogo, kitu kikavu, asinywe soda. Pumzikeni Soni, katikati ya njia, ambako maporomoko ya maji yapo karibu na barabara.

Malazi ni jambo ambalo watu huangalia bei na picha tu, nami ningependa waangalie mahali nyumba ilipojengwa. Usiku ukitulia na anga likiwa wazi, hewa iliyopoa kwenye miteremko huwa nzito, huteremka na kutuama chini ya bonde. Kwa sababu hiyo nyumba iliyo kando ya kijito huwa na baridi kali zaidi alfajiri kuliko iliyo mita mia juu yake mlimani, na ukungu huchelewa kuiachia. Tena ukingo wa mlima hulificha jua mapema, kwa hiyo bondeni kivuli huingia wakati juu bado ni mchana. Mkiwa na mtoto mchanga au bibi mwenye magoti mabovu, tafuteni nyumba ya katikati ya mteremko ambayo gari linafika mlangoni. Ulizeni blanketi ni ngapi kwa kitanda, na maji ya moto yanapatikana saa ngapi. Neti isisahaulike: mbu hupungua juu, lakini hawakuisha, na Mombo mtakakosimama ni nchi ya joto.

Mkijipikia, jueni pia kwamba katika mwinuko ule maji huchemka kwenye nyuzi kama 95. Maharage yatakaa jikoni kuliko mlivyozoea, basi yalowekeni usiku.

Kosa ninaloliona mara nyingi katika ratiba za familia ni kutaka kulala Lushoto, kesho Mtae, keshokutwa Mlalo. Mtae ni pazuri mno, kijiji kilichokaa ukingoni kabisa mwa mlima, lakini ni mwendo wa zaidi ya kilomita 50 za milimani kutoka Lushoto mjini. Safari ya kwanza chagueni kituo kimoja na mlale hapohapo siku zote. Siku ya kwanza isiwe na ratiba.

Kwa matembezi, tumieni kanuni aliyoitoa Mskochi William Naismith mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo ni kwa mtu mzima mwenye nguvu. Mkiwa na mtoto wa miaka sita, zidisheni mara mbili. Njia ya kilomita 6 yenye mpando wa mita 300 ingemchukua mtu mzima saa moja na dakika 42, ninyi itawachukua karibu saa tatu na nusu. Irente iko umbali kama huo kutoka mjini. Pale mlima unakatika ghafla na tambarare ya Mombo inaonekana chini sana. Ukingoni mtoto ashikwe mkono, asishikwe nguo. Karibu na hapo kuna shamba la Kanisa la Kilutheri linalotengeneza jibini, mkate na jemu, na mtoto aliyechoka hufufuka akisikia kuna mkate mbele.

Msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia, una kiingilio, na mnahitaji mwongozaji. Mbega weusi kwa weupe mtawasikia kabla ya kuwaona. Lakini kinachowashika watoto kuliko mbega ni kinyonga. Usiku akilala kwenye ncha ya tawi rangi yake hupauka, na ukimulika vichaka kwa tochi anang'aa kwa weupe, mkia umejikunja, macho yamefumbwa. Mchana wa siku hiyohiyo mngempita hatua moja msimwone. Mtazameni tu, msimguse.

Kabla ya kuondoka nyumbani, mzazi asome *Habari za Wakilindi* cha Abdallah bin Hemedi, kisha awasimulie watoto habari za Mbegha, mwindaji mgeni aliyekuja kutawala Vuga. Bonde lenye kisa hutazamwa kwa macho mengine, na Vuga haiko mbali na Soni.

Siku ya kushuka ondokeni baada ya kifungua kinywa, gari likiwa kwenye gia ndogo. Anayekanyaga breki mfululizo kutoka Lushoto hadi Mombo huzichemsha mpaka zinanuka na kupoteza nguvu. Masikio nayo hudai haki yake: mgandamizo wa hewa unaongezeka, na mrija mwembamba unaounganisha sikio la kati na koo hufunguka mtu anapomeza. Mtoto mchanga anyonyeshwe wakati wa kushuka, wakubwa wapewe pipi au maji ya kunywa kidogo kidogo. Mwenye mafua makali asubiri siku moja, ikiwezekana. Matunda nunueni Soni, peasi na plamu kama ni msimu wake, na myafunge vizuri, kwa maana kona ni zilezile.