Mtoto wa Unguja na Wenzake wa Kasulu: Mchezo wa Kupigana Kwenye Simu na Wakati wa Swalah



Wazee wa familia moja ya Unguja wametuuliza kuhusu kijana wao. Hucheza kwenye simu mchezo wa kupigana, wenye picha za kizamani za vijisanduku, pamoja na watoto wa ami yake walioko Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma. Mama yake akimwita kuswali Magharibi, hujibu: "Mama, wenzangu huko bado hawajaadhiniwa."

Asemalo mtoto ni kweli. Lakini si udhuru, na tutaeleza kwa nini.

Mchezo wenyewe

Picha hizo zinatokana na mashine za kutumbukiza sarafu. Mwaka 1991 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa Street Fighter II: watu wawili wanapigana, saa inahesabu kutoka 99 kushuka, na anayeshinda raundi mbili ndiye mshindi. Mashine za wakati ule zilikuwa na kumbukumbu ndogo, hivyo picha zilichorwa kwa vijisanduku vya rangi. Leo wachoraji wengi huchagua mtindo huo kwa kuupenda tu.

Wazazi wasidhani kuwa picha za kizamani ni za watoto wadogo. Mortal Kombat ya mwaka 1992 ilikuwa na damu na mauaji kiasi cha kujadiliwa katika Seneti ya Marekani mwaka 1993, na mwaka uliofuata ukaanzishwa utaratibu wa kuonyesha umri unaofaa kwa kila mchezo. Basi tazameni alama ya umri kabla ya kuuweka mchezo kwenye simu.

Picha na kupigana

Wanachuoni wamekhitilafiana kuhusu picha za aina hii. Wanaoruhusu vitu vya kuchezea watoto hutegemea Hadiyth iliyopokewa na Al-Bukhaariy na Muslim, kuwa 'Aaishah (Radhiya Allaahu 'anhaa) alikuwa na wanasesere nyumbani kwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam). Hata kwa kauli hiyo, mchezo wenye wanawake walio nusu uchi, uchawi au kusujudia masanamu haufai.

Ama kupigana, Mtume amekataza kumpiga mtu usoni. Kikaragosi si mtu, lakini mtoto anayejaribu mapigo hayo kwa mdogo wake amevuka mpaka, na mzazi ana haki ya kuufuta mchezo.

Fedha

Michezo mingi ya bure hupata fedha kwa kuuza vitu ndani yake. Kununua nguo ya mpiganaji unayoiona ni jambo moja. Kulipia kisanduku usichojua kilichomo, ukitaraji kupata mpiganaji adimu, ni jambo jingine: hiyo ni bahati nasibu. Mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji ilitamka kuwa visanduku vya namna hiyo katika baadhi ya michezo ni kamari. Nao watoto wakiwekeana dau, hata la bando tu, basi hiyo ni kamari isiyo na shaka.

Katika Suwrat Al-Maaidah, Aayah ya 90 na 91, Allaah (Subhaanahu wa Ta'ala) Ameharamisha kamari na Akataja madhara yake: uadui baina ya watu, na kuzuiwa na dhikri na Swalah. Mtoto anayemnunia mtoto wa ami yake kwa kushindwa ameanza kuonja dhara la kwanza. La pili ndilo lililomliza mama yule.

Machweo mawili, saa moja

Unguja na Kasulu hutumia saa moja ya Tanzania, lakini Kasulu iko mbali sana magharibi, karibu na mpaka wa Burundi. Jua huko huzama takriban dakika 35 baada ya Unguja. Likizama Unguja saa 12:30 jioni, Kasulu ni saa 1 na dakika tano hivi. Kibondo nayo haiko mbali na hapo. Tunalijua hili katika Ramadhaan: visiwani tunafuturu, ndugu zetu wa Kigoma wangali wamefunga.

Hakuna anayefuturu kwa machweo ya mwenzake. Vivyo hivyo Swalah imewekewa nyakati, kama ilivyo katika Suwrat An-Nisaa, Aayah ya 103, na kila mtu hufuata jua la pale alipo. Na mchezo wa mtandaoni kwa kawaida hausimamishwi katikati. Anayetoka huhesabiwa kashindwa. Mtoto na afundishwe kuwa kushindwa huko hakuna hasara.

Tunachoshauri

Familia zote zikubaliane wakati mmoja. Saa 11:00 hadi 11:30 jioni, siku ambayo chuo kimefungwa, pande zote zimeshaswali Alasiri na Magharibi ya Unguja haijaingia. Baada ya hapo simu irudi kwa mzazi. Namba ya siri ya malipo asipewe mtoto.

Wala msiwakatishe watoto mawasiliano na ndugu zao. Wakimaliza, waulizane hali na wawasalimie wazee. Kuunga udugu ni ibada, na huenda mchezo huu ukawa sababu yake.

Na Allaah Anajua zaidi.